Amplifaya moja, vyumba vitano

Siku nyingi zimepita bila mimi kuandika hapa, na leo sijaja na habari za lugha mpya ya programu wala simu mpya. Nimekuja na habari za nyaya za spika. Najua wengine mtauliza mwandishi wa programu anatafuta nini juu ya dari la kanisa akiwa na bisibisi mkononi. Subirini kidogo.

Jumapili moja mtungi wa gesi ulianza kuvuja jikoni mwa kanisa letu wakati chai ikiandaliwa. Mzee wa kanisa alifanya jambo la busara. Alichukua maikrofoni akawaambia watu watoke nje polepole, bila kukimbizana, na mtu yeyote asiguse swichi ya taa. Ukumbini walisikia wakatoka. Jikoni walisikia. Ofisini walisikia. Hata waliokuwa wamekaa barazani nje walisikia. Baada ya dakika chache mhudumu mmoja wa mlangoni alitazama umati uliosimama chini ya miti akauliza, "Na watoto wako wapi?"

Watoto walikuwa chumbani mwao wakiimba. Mwalimu wao alikuwa amezungusha kidhibiti sauti cha ukutani hadi sifuri tangu asubuhi, kama alivyofanya kila Jumapili, kwa sababu mahubiri yaliyotoka darini yalimharibia somo. Hakusikia neno hata moja. Mhudumu alikwenda mbio akawatoa.

Mtungi ulifungwa, watoto walitoka wakiwa wameshikana mikono, na chai ikachelewa. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi chai haikunipita kooni siku hiyo, kwa sababu mfumo ule wa sauti niliuchora mimi.

Tangu siku hiyo nina maoni makali kuhusu jambo hili, na ndiyo maana naandika. Kugawana amplifaya kati ya vyumba vingi si kosa. Kosa ni kugawana kabla ya kuuliza kila chumba kinapaswa kusikia nini, na ni kitu gani ambacho hakuna chumba kinachoruhusiwa kukikosa. Mafundi wengi huanza na swali la spika ngapi. Sisi watu wa tarakilishi huanza na swali la programu gani. Wote tunaanzia pabaya.

Ngoja nianze hadithi tangu mwanzo, maana mfumo huo tuliujenga mara tatu.

Mara ya kwanza tulikuwa na amplifaya moja iliyonunuliwa kwa pesa za harambee. Ilikuwa na chaneli 2, kila moja wati 100 kwenye mzigo wa omu 8, na nyuma yake pameandikwa wazi kwamba mzigo usishuke chini ya omu 4. Ukumbi mkuu una spika zake kubwa na amplifaya yake, huo tuuache. Hii ya harambee ilikuwa ya vyumba vingine: chumba cha watoto, chumba cha akina mama wenye watoto wachanga, jikoni pamoja na ukumbi wa chakula, ofisi na korido yake, na baraza la nje. Jumla spika 16, zote za omu 8. Fundi alizigawa nane kwa nane, akaunga kila kundi sambamba kwenye chaneli moja. Alipomaliza aliniita kwa furaha: "Injinia, njoo usikie. Zote zinaimba, hakuna iliyobaki."

Na kweli ziliimba. Nilisimama pale nikatabasamu. Hesabu ya darasa la fizikia ilikuwa imenitoka kichwani.

Hesabu yenyewe ni hii. Spika 2 za omu 8 zikiungwa sambamba, amplifaya inaona omu 4. Zikiwa 4, inaona omu 2. Zikiwa 8, inaona omu 1. Amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 hutoa volti 28 hivi, na mkondo wa ampea 3.5. Volti hizo hizo zikikutana na omu 1, zinadai ampea 28. Hakuna amplifaya ya bei yetu inayoweza kutoa ampea 28. Ni kama kumtuma mtu mmoja achotee maji nyumba nane kwa ndoo moja, halafu umlaumu akianguka njiani.

Mbona basi ilifanya kazi siku ya majaribio? Kwa sababu tulijaribu kwa sauti ya chini. Sauti ikiwa chini, volti ni chache, na mkondo ni mdogo hata kama mzigo ni mbaya. Wenzangu waandishi wa programu mnalijua jibu letu la kila siku mteja akilalamika: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Ndivyo ilivyokuwa. Ikaja harusi, watu wakajaa hadi nje, mtu akapandisha sauti. Amplifaya ikajizima yenyewe kwa kujikinga. Ikapoa, ikarudi. Ikajizima tena bwana harusi akiwa katikati ya kiapo, na waliokuwa barazani hawakujua kama amekubali au amekataa. Mara ya tatu haikurudi. Transista za kutolea sauti zilikuwa zimeungua, na pesa za harambee pamoja nazo.

Watu walikuja na dawa nyingi. Nitazitaja, kwa sababu bado nazikuta kila mahali, kwenye hoteli, shule na hata nyumba za watu wenye uwezo.

Dawa ya kwanza: nunua amplifaya kubwa zaidi. Ukubwa wa wati haubadilishi omu. Amplifaya ya wati 500 iliyoandikwa mzigo usipungue omu 4 itaumia kwenye omu 1 kama ile ya wati 100, ila hii itakugharimu zaidi ikiungua.

Dawa ya pili: unga spika kwa mfululizo. Spika 2 za omu 8 kwa mfululizo ni omu 16, na ukichanganya mfululizo na sambamba spika 4 zinarudi omu 8. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini waya mmoja ukikatika, spika zote za mstari huo zinanyamaza. Halafu huwezi kupunguza sauti ya chumba kimoja bila kugusa cha jirani. Kwa spika 4 za chumba kimoja ambazo haziguswi, sawa. Kwa vyumba vitano vyenye wenyewe watano, hapana.

Dawa ya tatu: kisanduku cha kuchagua spika, chenye vitufe vya chumba A, B, C na kadhalika. Vingi vya bei nafuu vina vikinzani ndani vya kuilinda amplifaya. Vinailinda kweli, lakini kwa kula nguvu yako na kuigeuza joto. Unalipia wati ambazo hazifiki masikioni mwa mtu.

Dawa ya nne ni ya hatari zaidi, na nimeiona kwa macho yangu: fundi anataka kuokoa waya, anavuta kebo ya nyuzi 4, tatu kwa ajili ya vyumba vitatu na moja iwe ya kurudia ya pamoja. Anadhani ule waya mweusi wa spika siku zote ni ardhi. Katika amplifaya fulani za zamani hilo lilikuwa kweli. Katika nyingi za sasa, hasa zile ndogo za daraja la D, waya mweusi nao una nguvu, kwa sababu ndani kuna amplifaya mbili zinazosukuma na kuvuta kila upande. Ukiunganisha nyaya nyeusi za chaneli mbili umezigonganisha chaneli zenyewe. Kila chaneli ipewe nyaya zake mbili, zikwende na kurudi peke yake. Mkumbuke hivyo tu, hata kama kitabu cha amplifaya kimepotea.

Basi mara ya pili tukafanya ambalo watu wa matangazo ya stesheni na viwandani wamelifanya kwa miaka mingi: laini ya volti 100. Wamarekani hupenda volti 70, lakini mantiki ni moja, na ndiyo ile ile ya kampuni ya stima. Stima husafirishwa mbali kwa volti nyingi na mkondo mdogo, kisha transfoma inaishusha karibu na nyumba yako. Hapa pia amplifaya hutoa volti 100 ikiwa kwenye nguvu yake yote, na kila spika ina transfoma yake ndogo mgongoni. Transfoma hiyo ina ncha za kuchagua: wati 1.5, wati 3, wati 6, wati 10. Unachagua ncha, unaunga spika zote sambamba, na hesabu ya omu inageuka kuwa hesabu ya duka: jumlisha wati. Basi.

Yetu ilikuwa hivi. Chumba cha watoto, spika 4 za wati 6, jumla 24. Akina mama, spika 2 za wati 3, jumla 6. Jikoni na ukumbi wa chakula, spika 4 za wati 6, jumla 24. Ofisi na korido, spika 4 za wati 3, jumla 12. Baraza, spika 2 za honi za wati 15, jumla 30. Zote pamoja wati 96. Amplifaya ya wati 120 inatosha, kwa sababu kanuni nzuri ni kutopita asilimia 80 ya uwezo wake, na asilimia 80 ya 120 ni 96 barabara. Mzigo ambao amplifaya inauona ni kama omu 104, na kwa amplifaya ya wati 120 mpaka ni omu 83. Tuko salama.

Faida nyingine ni waya. Baraza letu liko mita 40 kutoka kwenye kabati la mitambo. Kwenda na kurudi ni mita 80 za shaba. Waya wa milimita mraba 1.5 wa urefu huo una ukinzani wa omu 0.9 hivi. Ukiutumia kwenye mzigo wa omu 4, karibu asilimia 19 ya nguvu inaishia njiani. Ukitumia ule waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 ambao wauza duka hupenda kukuuzia, asilimia 40 inapotea. Kwenye laini ya volti 100, mzigo wa wati 30 wa baraza ni zaidi ya omu 300, na omu 0.9 mbele ya 300 ni kitu cha kupuuza.

Tahadhari moja hapa. Volti 100 si za kuchezewa. Muziki ukipanda, nyaya hizo zinaweza kukutetemesha vizuri. Zima amplifaya kabla ya kugusa. Usizipitishe katika paipu moja na nyaya za stima za volti 240, na ziweke mbali na nyaya za maikrofoni. Na ukitaka kukagua mzigo, ile mita ya kawaida ya fundi itakudanganya, maana hupima ukinzani wa mkondo mnyoofu, na transfoma itaonekana ina omu chache tu. Ungehitaji mita ya impidansi, ile inayopima kwa mawimbi ya sauti.

Mfumo wa pili ulifanya kazi vizuri. Harusi tatu zilipita bila amplifaya kupepesa. Kila chumba kilikuwa na kidhibiti sauti ukutani, pasta alitupongeza, na mimi nikajiona mhandisi. Halafu ikaja ile Jumapili ya gesi.

Tulipokaa kujadili, mzee mmoja alisema kosa ni la mwalimu wa watoto. Kwa nini azime sauti? Nilikataa, na bado nakataa. Mwalimu yule alikuwa na kazi ya kufundisha watoto wa miaka sita. Mfumo wangu ulimpa mambo mawili tu ya kuchagua: mahubiri ya watu wazima, au kimya. Alichagua kimya, na mtu yeyote mwenye akili angechagua hivyo. Mtumiaji akilazimika kuzima kitu ili afanye kazi yake, mwenye kosa ni aliyekitengeneza. Katika programu tunalijua hili. Ukimwekea mtu arifa 50 kwa siku, atazima zote, na ile moja ya maana itakwenda nazo.

Kwa hiyo makosa yangu yalikuwa mawili, na hakuna hata moja lililohusu omu.

La kwanza, niligawa zoni kwa kufuata kuta. Niliona vyumba vitano, nikaweka zoni tano kwenye amplifaya moja. Lakini amplifaya moja ina sauti moja ndani yake. Vidhibiti vya ukutani vinapunguza tu. Haviwezi kubadilisha wimbo. Ningeuliza kila chumba kinasikiliza nini, ningeona mara moja kwamba akina mama, jikoni, ofisi na baraza wote wanataka kitu kimoja, yaani ibada ya ukumbini. Hao wanaweza kugawana amplifaya hadi kiama. Watoto wanataka kitu kingine kabisa. Hao hawakupaswa kuwa kwenye amplifaya ile hata siku moja.

Kanuni yangu sasa ni hii: vyumba vinavyosikia kitu kimoja vigawane amplifaya, chumba kinachohitaji kitu tofauti kipewe chaneli yake. Na mgawanyo ufanywe kwenye ishara ndogo, kabla ya amplifaya, si kwenye nguvu baada ya amplifaya. Ishara inayotoka kwenye miksa ni ndogo, unaweza kuichagua, kuikata na kuielekeza upendavyo kwa swichi ya bei ndogo. Ikishapita kwenye amplifaya imekuwa nguvu, na kuchezea nguvu ndiko kunakounguza vitu.

La pili, sikuweka tofauti kati ya kutosikia muziki na kutosikia tangazo. Mtu ana haki ya kuzima muziki. Hana haki ya kuzima tangazo la hatari, na mfumo haufai kumpa nafasi hiyo hata kwa bahati mbaya. Dawa yake ipo, si ngeni wala si ghali. Vidhibiti sauti vingi vya volti 100 huuzwa na rilei ndogo ya volti 24 ndani yake. Maikrofoni ya matangazo ikibonyezwa, rilei inaruka na kukipita kidhibiti, na chumba kinasikia kwa sauti kamili hata kama mtu alikiweka sifuri. Kinachohitajika ni nyaya mbili zaidi hadi kwenye kila kidhibiti.

Nyaya mbili! Sikuzivuta mara ya kwanza kwa sababu tulikuwa tukibana matumizi. Ilibidi tufungue dari upya. Waya wenyewe si gharama; gharama ni ngazi, vumbi, fundi siku mbili, na rangi ya kupaka tena. Kama unajenga sasa, vuta kebo ya nyuzi 4 hadi kwenye kila kidhibiti hata kama leo utatumia 2. Ukizihitaji kesho, utashukuru.

Basi mfumo wa tatu ukawa hivi. Vyumba vinne vya ibada vilibaki kwenye amplifaya ya wati 120, mzigo ukashuka hadi wati 72, tukabaki na nafasi ya kuongeza. Watoto walipata amplifaya yao ndogo ya wati 30 kwa spika zao za wati 24. Mwalimu anaweka nyimbo zake kutoka kwenye simu, au maikrofoni yake, au hataki kitu. Lakini pembejeo ya kwanza ya amplifaya hiyo ina kipaumbele: maikrofoni ya matangazo ikizungumza, nyimbo zinanyamaza zenyewe. Vidhibiti vyote vitano vina rilei. Na kwa sababu stima zetu tunazijua, tulichagua amplifaya zenye ncha za betri za volti 24 nyuma, tukaunga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Stima zikipotea, tangazo linaendelea.

Mtaniuliza, kwa nini mwandishi wa programu hakutumia programu? Nilijaribu. Hapa naungama dhambi nyingine. Kabla ya yote haya nilikuwa nimependekeza tuachane na nyaya, kila chumba kiwe na Raspberry Pi na amplifaya ndogo, na sauti ipite kwenye Wi-Fi kwa kutumia Snapcast. Snapcast ni programu nzuri, ni huria, na nyumbani naitumia: vyumba vyote vinacheza wimbo mmoja kwa pamoja bila kupishana. Lakini ili kufanya hivyo huweka sauti kwenye bafa kwanza, na kipimo chake cha kawaida ni milisekunde 1000. Kwa wimbo, sekunde moja si kitu. Kwa mtu anayehubiri ukumbini huku sauti yake ikitoka kwenye chumba cha pili sekunde moja baadaye, ni vurugu. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kumsikia mhubiri aliye zaidi ya mita 300 kutoka ulipo, huku ukimwona mlangoni. Unaweza kupunguza bafa, lakini Wi-Fi ikijaa simu za waumini sauti itaanza kukatika. Na tangazo la hatari halipaswi kusubiri ruta iamke.

Shaba haina bafa. Haihitaji kusasishwa, haina nenosiri, na itakuwa pale darini miaka 20 ijayo. Nasema hivi nikiwa mtu anayekula kwa kuandika programu. Programu iwekwe mahali pa kuchagua na kupanga: wimbo gani, saa ngapi, chumba gani. Kazi ya kufikisha sauti ya mtu sasa hivi kwa mtu aliye hatarini, iachieni waya.

Wapo watakaonipinga kutoka upande wa pili. Rafiki yangu mmoja wa fani hii husema kugawana amplifaya ni umaskini uliovishwa suti. Mwenye busara humpa kila chumba amplifaya yake, moja ikifa nyingine zinaishi. Ana hoja, na kwa nyumba ya mtu ambapo kila mtoto anataka wimbo wake, nakubaliana naye kabisa. Lakini amplifaya tano ni vitu vitano vya kuharibika, feni tano za kuziba vumbi, plagi tano, na mtu mmoja wa kujua zote zimewashwa. Mahali ambapo vyumba vinne vinasikia kitu kimoja, hiyo ni hasara bila faida.

Hata hivyo hoja yake ya kifo cha amplifaya nimeichukua. Kwenye korido na ukumbi wa chakula, ambako watu hupita wengi, siku tukipata pesa tutavuta laini mbili kutoka kwenye amplifaya mbili na kuunga spika kwa kupishana: ya kwanza laini A, ya pili laini B, ya tatu A, ya nne B. Amplifaya moja ikifa, chumba kinabaki na nusu ya spika zake. Ukipunguza spika kwa nusu, nguvu inapungua kwa desibeli 3 tu, na maneno bado yanasikika. Hii ndiyo njia ya kugawana kwa akili, na mifumo ya matangazo ya dharura hujengwa hivyo. Niseme pia wazi: mfumo wetu si badala ya king'ora cha moto kilichokaguliwa na wenye kazi hiyo. Ni mfumo wa sauti ambao hauwi kizuizi siku ya hatari.

Jambo la mwisho ni la bure. Ndani ya mlango wa kabati la mitambo tumebandika karatasi moja. Ina mchoro wa laini, jina la kila chumba, idadi ya spika, ncha ya wati iliyochaguliwa, na jumla. Kila waya una lebo pande zote mbili. Siku mtu akitaka kuongeza spika ya wati 6 choo cha wageni, anaangalia jumla kabla ya kupanda ngazi. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya ibada, vidhibiti vyote vinawekwa sifuri, mtu mmoja anabonyeza maikrofoni na kusema "majaribio," na watoto wenyewe ndio wanaojibu kwa kupiga kelele kwamba wamesikia. Wanaipenda kazi hiyo kuliko somo.

Kama unajenga nyumba ya wageni, shule, zahanati au kanisa, usianze na orodha ya spika. Chukua karatasi, andika vyumba, na mbele ya kila chumba jibu maswali mawili: watu wa humu wanataka kusikia nini, na nini lazima wasikie hata wakiwa hawataki. Omu na wati zitafuata, hizo ni hesabu za dakika kumi. Mimi nilianza na hesabu, na maswali yakanijia miezi baadaye nikiwa chini ya mti, nikihesabu watoto wakitoka.